Mto Uliozibwa Ndani ya Jicho

Ziwa Victoria lina milango mingi ya kuingilia maji na mlango mmoja tu wa kutokea. Kagera inaingia, Mara inaingia, Simiyu inaingia, Nzoia inaingia kutoka upande wa Kenya, na mvua yenyewe inamwagika juu ya ziwa usiku na mchana. Lakini kutoka, bwana, ni pale Jinja tu, ambako Nile inaanza safari yake ndefu ya kwenda Misri. Ndiyo maana mvua zilipozidi mwishoni mwa mwaka 1961 ziwa lilianza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 likapanda tena, likaingia majumbani mwa watu. Kinachoingia kikizidi kinachotoka, ufuko unamezwa. Hiyo si falsafa, ni hesabu.

Sasa, ndugu msomaji, jicho lako nalo limejengwa hivyo hivyo. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, wenye unene wa kama robo ya milimita. Ndio unaopokea mwanga na kuugeuza habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Sehemu yake ya ndani inalishwa na ateri moja inayoingilia katikati ya mshipa wa fahamu wa jicho, kisha inagawanyika kama mizizi. Damu ikishatumika inakusanywa na vijito vidogo, vijito vinaungana kuwa vena, na vena zote zinatokea mlango mmoja, palepale ateri ilipoingilia. Jinja ya jicho ni hiyo.

Je, mlango huo ukiziba?

Wakazi wa Mwanza hawahitaji profesa wa kuwajibu swali hili. Wanaujua Mto Mirongo unaokatiza katikati ya mji. Takataka zikijaa mtoni, halafu mvua ikapiga kweli kweli, maji hayasemi "tutasubiri". Yanarudi nyuma, yanapanda kingo, yanaingia kwenye maduka. Ndani ya jicho nako damu inarudi nyuma, vena zinavimba na kujikunja kama nyoka, vimishipa vidogo vinapasuka au vinavuja, na maji yanatuama hasa kwenye kitovu cha retina, mahali tunapotumia kusoma herufi na kutambua sura za watu. Kitovu kikivimba, macho mazima yanageuka ukungu.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Kirumba, mtu wa miaka hamsini na kitu. Anaamka asubuhi, anataka kutunga uzi kwenye sindano, anashangaa jicho moja lina wingu. Futi yake iliyonyooka anaiona imepinda. Haumwi. Jicho halijawa jekundu, wala halitoi machozi. Jirani anasema karogwa, mwingine anasema uzee huo, wa tatu anamwelekeza duka la miwani. Kwa kuwa jicho la pili linaona vizuri, fundi anaendelea kushona. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini hapa methali inagonga mwamba: hakuna mwenye macho awezaye kulitazama jicho lake mwenyewe kwa ndani. Lazima mwingine amtazamie. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya hao watazamaji, na ya swali ambalo mpaka leo halijaisha: wanamtazama nani, na wanafika kwake lini?

KWA NINI MBONI NI NYEUSI?

Kwa maelfu ya miaka mboni ya mtu aliye hai ilikuwa tundu jeusi tu. Siri yake ni ndogo mno, ukishaambiwa. Mwanga unaoingia jichoni unarudi kwa njia ileile uliyoingilia. Ukitaka kuuona ukirudi, inabidi jicho lako liwe mahali palipo taa. Lakini ukiweka kichwa chako hapo, kichwa kinaziba taa. Ama kweli, giza lenyewe lilikuwa kivuli cha mtazamaji!

Mwaka 1850 kijana mmoja wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, aliyekuwa hajatimiza miaka thelathini, alipata ujanja. Aliweka vipande vya kioo kwa mshazari mbele ya jicho la mtu. Taa ikawekwa ubavuni, kioo kikaurusha mwanga ndani ya mboni, naye akachungulia kupitia kioo hichohicho. Giza likaondoka. Akaona mishipa ya damu ya mtu aliye hai bila kumkata kwa kisu. Mwaka 1851 akachapisha kijitabu chake, na madaktari wa Ulaya wakaanza kuchungulia macho ya watu kama watoto waliogundua tundu kwenye ukuta wa sinema.

Hawakuchelewa kukuta mafuriko. Mwaka 1855 Richard Liebreich alieleza jicho ambalo retina yake ilikuwa imetapakaa damu. Aliiona damu, lakini chanzo hakikuwa wazi. Mwaka 1878 Julius von Michel akaeleza kwamba chanzo ni damu iliyoganda ndani ya vena kuu. Yaani ilichukua zaidi ya miaka ishirini kutoka kuyaona mafuriko hadi kulionyesha gogo lililoziba mto. Tukumbuke jambo hili, maana litarudi: kuona damu iliyomwagika ni kitu kimoja, na kuona mahali mkondo uliposimama ni kitu kingine kabisa.

MACHO YA ZIWA, 1906

Elimu hiyo ilipofika kwetu ilikuja kwa sura nyingine. Mwaka 1906 Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu kabla, alifika Ziwa Victoria kutafuta dawa ya malale. Alipitia Mwanza, kisha akaweka kambi kwenye visiwa vya Sese, Uganda. Ugonjwa ulikuwa unaua watu maelfu kwa maelfu, kwa hiyo haraka yake ilikuwa na sababu. Dawa aliyoijaribu iliitwa atoksili, na ndani yake mlikuwa na aseniki, ile sumu inayojulikana. Alipoongeza kipimo, wagonjwa 22 walipofuka moja kwa moja. Dawa ilikuwa imeua mishipa yao ya fahamu ya macho.

Huo haukuwa ugonjwa wa vena. Lakini nimeuleta hapa kwa makusudi. Kifaa cha Helmholtz kilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne wakati huo. Elimu ya jicho ilikuwepo duniani, na ilikuwepo hata mikononi mwa waliokuja. Macho ya watu wa ziwa yaliingia kwenye historia ya tiba kama mahali pa kujaribia dawa, kabla hayajaingia kama macho ya kutunzwa. Majina ya wale 22 hatuyasomi vitabuni. Idadi tu ndiyo iliyobaki.

RANGI ILIYOFUATA MTO

Turudi kwa watazamaji. Mwaka 1886, huko Uingereza, Jackman na Webster walichapisha moja ya picha za kwanza za retina ya binadamu aliye hai. Aliyepigwa picha alilazimika kutulia kama sanamu kwa dakika 2 na nusu. Jaribu wewe kukaa sekunde ishirini bila kupepesa, utajua walikuwa wanacheza na nini. Picha ikapatikana, lakini ilikuwa ya mishipa iliyosimama. Mto kwenye picha hauonyeshi kama unatiririka au umekufa.

Jibu lilikuwa limeshatengenezwa zamani, ila watu wa macho walikuwa hawajalitumia hivyo. Mwaka 1871 mkemia Adolf von Baeyer alitengeneza rangi iitwayo fluoresini. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu, yenyewe inawaka kijani. Mwaka 1877, kusini mwa Ujerumani, watu walikuwa wanabishana kuhusu Mto Danube. Sehemu fulani maji yake yanazama ardhini na kupotea. Je, yanakwenda wapi? Adolf Knop akamwaga kilo 10 za fluoresini kwenye tundu lile. Baada ya kama saa 60, chemchemi ya mto mwingine kabisa, uitwao Aach, ikaanza kutoa maji ya kijani kinachong'aa. Ubishi ukaisha. Mto uliofichika ulikuwa umejisaliti kwa rangi.

Kutoka mto wa ardhini hadi mto wa jichoni zilipita zaidi ya miaka themanini. Na waliovuka hatua hiyo, washikaji, hawakuwa maprofesa wenye mvi. Walikuwa wanafunzi wawili wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani: Harold Novotny na David Alvis. Mwaka 1959 walikuwa wanatafuta njia ya kutazama damu ikipita kwenye retina. Wakaunganisha kamera na vichujio vya mwanga, wakawa tayari. Nani achomwe sindano ya rangi kwanza? Wakarusha sarafu. Alvis akashindwa, na jicho lake ndilo likawa la kwanza kupigwa picha hiyo. Walipoandika matokeo, jarida kubwa la macho lilikataa kuyachapisha. Yakatoka mwaka 1961 kwenye jarida la moyo na mishipa, *Circulation*. Nyie mnaorudishiwa hadithi zenu na wahariri, hapo pana faraja kidogo.

Picha zao zilikuwa na maana gani kwa ugonjwa wetu? Rangi ikichomwa mkononi, inafika jichoni kwa sekunde kama kumi hadi kumi na tano. Kamera inapiga mfululizo. Kwenye jicho zima, mishipa inawaka kijani kwa mpangilio, ateri kwanza, kisha vimishipa, kisha vena. Kwenye jicho lenye vena iliyoziba, rangi inachelewa, inasita kama gari kwenye foleni. Kule vimishipa vilikokufa panabaki peusi. Kule vinakovuja, rangi inatapakaa kama wino kwenye karatasi yenye maji. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kusema: hapa mto umekufa, hapa unavuja, hapa bado unapita.

Mwaka huohuo wa 1961, mwezi Desemba, Tanganyika ilipata uhuru, na mvua zilezile zilizopandisha ziwa zilikuwa zinanyesha. Hayo mambo matatu hayakujuana. Lakini kwa mtoto wa Mwanza mwaka ule, picha ya kijani ya jicho ilikuwa mbali kama mwezi. Miaka kumi ilipita kabla Hospitali ya Bugando haijafunguliwa juu ya kile kilima, mwaka 1971, mwaka mmoja na KCMC ya Moshi. Kanisa Katoliki liliijenga, serikali ikaichukua 1972, na 1985 ikarudishwa mikononi mwa Kanisa. Mwaka 2003 kikaanza chuo cha udaktari palepale. Kwa watu wa Mara, Kagera, Shinyanga, Geita na Simiyu, kilima kile kikawa mahali pa kupelekwa mgonjwa aliyeshindikana kwingine. Njia nyingi zinazoingia, mlango mmoja mwembamba. Umeshaona mchoro huu unavyojirudia?

MITUMBWI NA JIWE

Picha ya rangi ina gharama yake. Sindano lazima ichomwe. Baadhi ya watu wanatapika, ngozi inageuka njano kwa muda, na mara chache sana mwili unaikataa dawa kwa nguvu ya kuhatarisha maisha. Halafu haionyeshi unene wa uvimbe. Unaona kwamba panavuja, huoni maji yamejaa kiasi gani.

Mwaka 1991 jarida la *Science* lilichapisha makala ya kundi la watafiti wa Boston, Marekani. Mwandishi wa kwanza alikuwa tena mwanafunzi, David Huang, akifanya kazi na James Fujimoto na Eric Swanson. Mashine yao, inayojulikana kama OCT, inarusha mwanga ndani ya jicho na kupima mwangwi wake kutoka kila tabaka, kama mvuvi anayepima kina kwa mlio. Matokeo yake ni picha ya retina iliyokatwa kama mkate, bila kisu. Sasa uvimbe ukawa na kipimo. Daktari anaweza kusema leo umepungua, mwezi ujao umeongezeka. Watatu hao walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2023.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupata ramani ya damu bila sindano. Hapa nitakuomba usimame nami ufukoni, utazame Jiwe la Bismarck. Piga picha ya maji yale. Subiri kidogo, piga nyingine kutoka palepale. Zilinganishe. Jiwe liko mahali pale pale, lakini mitumbwi imesogea. Chochote kilichobadilika ni mtumbwi, chochote kilichotulia ni jiwe. OCT ya mishipa inafanya hivyo hivyo. Inapiga sehemu moja ya retina mara kadhaa kwa haraka. Nyama ya jicho imetulia, chembe za damu zinasogea. Kompyuta inafuta kilichotulia, inabakiza kilichotembea, na ramani ya mishipa inajitokeza yenyewe. Mwaka 2012 kundi la Huang lilitoa njia ya hesabu iliyoifanya kazi hiyo iwezekane vizuri, na katikati ya miaka ile ya 2010 mashine zikaanza kuingia kliniki.

Raha tupu? Hapana. Jicho lenye uvimbe ndilo linaloitesa mashine hiyo. Maji yakijaa, tabaka za retina zinasukumwa zinapoteza mstari, na kompyuta iliyozoea tabaka zilizonyooka inaweza kuchora mpaka mahali pasipo. Damu iliyomwagika inatupa kivuli juu ya mishipa iliyo chini. Mgonjwa asiyeona vizuri anashindwa kukazia macho sehemu moja, na jicho likiyumba kila kitu kinaonekana mtumbwi. Tena mashine hii haionyeshi mahali panapovuja. Inaonyesha panapopita damu na pasipopita. Kwa hiyo picha ya kijani ya wale wanafunzi wawili haijastaafu. Mtaalamu mzuri anajua kila picha inasema nini na inanyamazia nini.

PICHA BILA DAWA NI HADITHI BILA MWISHO

Kwa miaka mingi kuona hakukumsaidia sana mgonjwa. Mwaka 1984 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba mionzi ya leza inasaidia pale tawi la vena linapoziba na kitovu kuvimba. Mwaka 1995 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba vena kuu ikiziba, leza inapunguza uvimbe lakini hairudishi uwezo wa kuona. Mlango ulifunguka mwaka 2005, Philip Rosenfeld wa Miami alipochoma ndani ya jicho kiasi kidogo cha bevasizumabu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo. Inazuia kemikali ambayo retina iliyokosa damu huitoa kama kilio cha njaa, na ndiyo inayosababisha mishipa kuvuja. Mwaka 2010 dawa ndugu yake, ranibizumabu, iliidhinishwa Marekani kwa uvimbe wa vena iliyoziba. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka bevasizumabu kwenye orodha ya dawa muhimu za macho, nayo ni ya bei nafuu kuliko ndugu yake.

Lakini dawa hii haina subira. Inachomwa kwa kurudia, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Na jicho lililokosa damu sana likiachwa, linaweza kuotesha mishipa mibaya mbele yake na kuleta presha ya jicho yenye maumivu makali. Madaktari wa zamani waliuita ugonjwa huo wa siku mia, kwa sababu ulikuwa unakuja kama miezi mitatu baada ya vena kuziba. Siku mia! Fundi wetu wa Kirumba ameshatumia ngapi kwa jirani na duka la miwani? Na mvuvi wa Ukerewe, anayehesabu nauli ya kivuko na siku za kukosa samaki, atatumia ngapi?

Hapo ndipo historia inapotugeukia sisi. Huko Nakuru, Kenya, daktari Andrew Bastawrous na wenzake waliwarudia mwaka 2013 na 2014 watu waliokuwa wamepimwa macho 2007 na 2008. Walibeba mashine nzito hadi vijijini, na pembeni yake wakajaribu simu ya mkononi yenye kifaa cha kupigia picha nyuma ya jicho. Simu ilionyesha inaweza. Mkoani Kilimanjaro, kuanzia 2010, mpango wa KCMC ulizungusha kamera kwenye kliniki za wagonjwa wa kisukari, badala ya kuwasubiri wapande hadi Moshi. Simu haipimi unene wa uvimbe wala haichori ramani ya vimishipa. Lakini damu iliyotapakaa inaiona, na hiyo inatosha kusema: mtu huyu apelekwe sasa, si mwezi ujao.

Kuna kifaa rahisi zaidi ya hivyo vyote, nacho hakimuliki jicho kabisa. Ni kile cha kupimia presha mkononi. Ndani ya retina, kila ateri inapokatiza juu ya vena, mishipa hiyo miwili hufungwa pamoja kama vile imevaa soksi moja. Presha ya miaka mingi inaifanya ateri kuwa ngumu, nayo inaikandamiza vena iliyo chini yake. Mara nyingi hapo ndipo tawi linapoziba. Kwa hiyo mafuriko ya jicho hayaanzi asubuhi ile wingu linapoingia. Yameanza miaka kumi nyuma, mtu akiwa mzima, akicheka, akisema presha ni ugonjwa wa matajiri.

Helmholtz aliondoa kivuli cha kichwa chake mwenyewe ndipo akaona. Nadhani kivuli kilichobaki upande wetu wa ziwa si cha mashine. Ni cha umbali, nauli, na maneno ya "karogwa huyo". Mashine ya OCT inapofika kilimani, itakuwa imefika mwisho wa mto. Kazi iliyobaki iko juu ya mto, Kirumba, Nansio, Sengerema, Musoma: kupima presha, kupima sukari, na kumwambia anayesema jicho moja lina ukungu kwamba asilale nalo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi leo, kabla hujageuza ukurasa, funika jicho la kulia usome mstari huu. Kisha funika la kushoto. Halafu mpe gazeti mzee aliye karibu nawe, naye afanye hivyo hivyo.